Kuingia si Kukubaliana: Pikipiki ya Mbio Inapojengwa kwa Vipuri vya Pikipiki Nyingine

Fundi anapochomeka mhimili wa usukani wa pikipiki moja kwenye shingo ya fremu ya pikipiki nyingine, akakuta beringi zimekaa sawasawa, nati imekaza na gurudumu linageuka kushoto na kulia bila kukwama, ni rahisi kuamini kwamba kazi kubwa imekwisha. Kwa kweli ndipo inapoanza. Kipuri kilichotolewa kwenye pikipiki nyingine huja na hesabu za kule kilikotoka: kilisanifiwa kwa uzito fulani, kwa urefu fulani kati ya magurudumu, kwa pembe fulani ya usukani na kwa breki yenye nguvu fulani. Kuingia kwake ni suala la tundu na bolti, jambo ambalo mashine ya kukereza na spesa mbili tatu, yaani vipande vya kujazia nafasi, zinaweza kulimaliza kwa siku moja. Kukubaliana kwake na vipuri vingine ni suala la uwiano, na uwiano hauonekani kwa macho.

Kazi hii ya kuchanganya si ngeni. Katika miaka ya 1950 na 1960 vijana wa Uingereza walijenga Triton, jina lililoungwa kutokana na Triumph na Norton, kwa kuweka injini ya Triumph ya silinda mbili ndani ya fremu ya Norton iliyoitwa Featherbed. Fremu hiyo iliyobuniwa na Rex McCandless, na ambayo Norton waliitumia katika mashindano kuanzia mwaka 1950, ilisifika kwa kutulia kwenye kona, ilhali injini ya Triumph ilikuwa na nguvu na ilipatikana kwa urahisi. Fremu tupu nazo zilipatikana kwa njia ya kuchekesha kidogo: wajenzi wa magari madogo ya mashindano ya Formula 3 ya wakati huo walitaka injini ya Norton Manx, na kwa kuwa kiwanda hakikuuza injini peke yake, walinunua pikipiki nzima, wakatoa injini, wakauza kilichobaki. Huko Rimini, Italia, kampuni ya Bimota iliyafanya hayo hayo kwa kiwango cha kiwanda tangu mwaka 1973, ikijenga fremu zake kuzunguka injini za wengine, na majina yake yanakiri wazi: HB ni injini ya Honda, SB ya Suzuki, KB ya Kawasaki, YB ya Yamaha na DB ya Ducati.

Tofauti kati ya Bimota na mtu mwenye pikipiki moja iliyopinda mbele na nyingine iliyokufa injini ni kwamba Bimota walichora fremu baada ya kuijua injini. Mjenzi wa kawaida hana nafasi hiyo. Anaanza na fremu ambayo haibadiliki, na kila anachokileta lazima kiifuate.

Hatua ya kwanza, basi, haihitaji spana. Ni kusoma namba za vipuri. Viwanda vya Japani hutumia kipuri kimoja katika modeli nyingi, na namba yake hubaki ileile. Katika namba za Honda, kundi la katikati ndilo linaloonyesha modeli ambayo kipuri kilisanifiwa kwa ajili yake kwanza. Katika namba za Yamaha, herufi na tarakimu tatu za mwanzo ndizo zinazofanya kazi hiyo. Mtu akikuta beringi ya shingo, sili ya mafuta au ekseli ina namba ileile katika vitabu vya modeli mbili, amejua kwa hakika bila kupima chochote. Namba zikitofautiana haimaanishi kwamba vipuri havilingani, kwa sababu wakati mwingine kilichobadilika ni rangi tu, lakini hapo ndipo kalipa ya kupimia inapochukua nafasi ya kitabu.

Sehemu inayobadilishwa zaidi kuliko zote ni ya mbele, na kuna sababu. Pikipiki nyingi za daraja la kati zina injini nzuri kuliko shokapu zake. Mfano unaojulikana ni Suzuki SV650, iliyotoka mwaka 1999 ikiwa na injini ya silinda mbili ya sentimita za ujazo 645 inayopendwa hadi leo, lakini ikiwa na shokapu za mbele za muundo wa zamani, ambazo oili yake hupita kwenye matundu yasiyorekebishika. Kampuni hiyohiyo ilikuwa inauza GSX-R zenye shokapu zilizogeuzwa juu chini, zenye skrubu za kurekebisha mwendo wa kushuka na wa kurudi, na kuanzia mwaka 2004 GSX-R600 na 750 zilikuwa na kalipa za breki, yaani vibano vinavyokandamiza pedi kwenye diski, zinazofungwa kwa bolti zinazoelekea kwenye ekseli. Haishangazi kwamba watu wengi wamehamisha sehemu nzima ya mbele ya GSX-R kwenda kwenye SV: vibanio vya juu na vya chini vinavyoshikilia shokapu kwenye shingo ya fremu, shokapu zenyewe, ekseli, gurudumu, diski na kalipa. Ushauri wa kuhamisha vyote kwa pamoja ni mzuri, kwa kuwa vipuri hivyo tayari vinajuana. Anayechukua shokapu za modeli moja, gurudumu la pili na kalipa za tatu amejitafutia kazi ya kukereza spesa kwa kila kiungo.

Hata hivyo, kuhamisha vyote kwa pamoja hakutatui jambo lililo muhimu zaidi, ambalo ni jiometri ya usukani. Chora mstari wa kufikirika kupitia katikati ya shingo ya fremu hadi uguse barabara, kisha chora mwingine ulio wima kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi chini. Mstari wa kwanza utagusa barabara mbele ya ule wa pili, na umbali kati ya alama hizo mbili, ambao hapa tutauita mburuto, ndio unaolifanya gurudumu lifuate shingo kama kigurudumu cha toroli kinavyofuata egemeo lake. Mburuto ukiwa mrefu pikipiki hunyooka na kuwa nzito kugeuza. Ukiwa mfupi hugeuka haraka, na ukizidi kuwa mfupi usukani huanza kutikisika kwa kasi au baada ya kupita kwenye tuta.

Mambo matatu ndiyo yanayouamua mburuto: nusukipenyo cha tairi, pembe ya shingo kutoka mstari wima, na ofseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati wa shingo na mstari wa katikati wa shokapu, ambao umechongwa ndani ya vibanio. Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha nusukipenyo kwa saini ya pembe, toa ofseti, kisha gawanya kwa kosaini ya pembe. Tairi la 120/70-17 lina nusukipenyo cha karibu milimita 300. Kwa pembe ya nyuzi 24 na ofseti ya milimita 30, mburuto unakuwa karibu milimita 101. Ukileta vibanio vyenye ofseti ya milimita 35, unashuka hadi karibu 95. Ukileta vya milimita 25, unapanda hadi 106. Pikipiki nyingi za mbio huwa kati ya 90 na 105, kwa hiyo tofauti ambayo mtu hawezi kuiona akiwa ameshika vibanio viwili mkononi inatosha kuvuka theluthi moja ya eneo lote linaloruhusiwa.

Ongeza sasa urefu. Shokapu za pikipiki za mbio mara nyingi ni fupi kuliko zile zinazoondolewa. Katika pikipiki yenye umbali wa milimita 1400 kati ya ekseli, kushusha mbele kwa milimita 24 hupunguza pembe kwa karibu nyuzi moja, na nyuzi moja hiyo hula milimita sita za mburuto. Mtu aliyepata ofseti iliyoongezeka kwa milimita tano na mbele iliyoshuka kwa milimita 24, yote mawili bila kujua, ameshuka kutoka 101 hadi karibu 89. Pikipiki yake itaonekana nzuri kwenye picha. Wengine hufika hapo, usukani ukianza kutikisika, wakanunua kidhibiti cha usukani na kukifunga ili kuuzuia. Kwangu mimi hiyo ni kumpa mgonjwa dawa ya kikohozi ilhali nyumba inawaka moshi. Dawa halisi ni kusukuma shokapu chini ndani ya vibanio ili mbele ipande, kama urefu wake unaruhusu, au kushusha nyuma kidogo, au kurudi kutafuta vibanio vyenye ofseti inayofaa.

Kwa sababu hiyo vipimo vya pikipiki ya asili huchukuliwa kabla ya bolti ya kwanza kulegezwa, ikiwa imesimama wima na mwendeshaji amekaa juu yake: umbali kati ya ekseli, urefu kutoka ekseli ya mbele hadi kibanio cha chini, urefu wa fremu kutoka chini katika alama mbili zilizowekwa kwa rangi. Pikipiki ikishafunguliwa, vipimo hivyo haviwezi kupatikana tena.

Kuna kipimo kingine ambacho wengi hukiruka kwa sababu kinachosha. Funga sehemu ya mbele bila springi ndani ya shokapu, kisha ishushe hadi mwisho wake kabisa. Hapo ndipo utakapojua kama madigadi au tairi linagusa radieta, jambo ambalo barabarani lingetokea katika breki kali pekee, wakati mbaya kuliko wote. Kisha inyanyue hadi magurudumu yaning'inie, ugeuze usukani pande zote mbili na utazame kama mipira ya breki inavutika. Shokapu zilizogeuzwa ni nene upande wa juu, kwa hiyo huweza kugonga tanki kabla vizuizi vya usukani havijagusana. Vizuizi hivyo lazima virekebishwe, la sivyo siku pikipiki itakapoanguka polepole tu tanki litabonyea.

Breki nazo zina uwiano wao, na hapa kosa la kawaida ni kudhani kwamba kikubwa ndicho chenye nguvu. Shinikizo ndani ya mpira wa breki ni nguvu inayosukuma pistoni ya masta silinda, yaani pampu ndogo inayosukumwa na mkono wa breki, ikigawanywa kwa eneo la pistoni hiyo. Masta silinda ya milimita 14, ambayo ni ya kawaida kwenye pikipiki yenye diski moja, ina eneo la milimita za mraba 154. Ile ya milimita 19 ina karibu 284. Ukiiondoa ya kwanza na kuweka ya pili huku kalipa ikibaki ileile yenye pistoni mbili ndogo, kwa nguvu ileile ya kusukuma utapata shinikizo la karibu asilimia 54 ya lile la mwanzo. Mkono wa breki utakuwa mgumu kama ubao, na mwendeshaji atasifu ugumu huo akidhani ni ubora, hadi siku atakapohitaji kusimama. Kinyume chake, masta silinda ndogo ikisukuma kalipa mbili zenye pistoni nne kila moja itaishiwa mafuta ya kusukuma, na mkono utafika hadi kwenye mpini. Masta silinda za kisasa huandikwa namba mbili, kwa mfano 19×18, ambapo ya pili ni umbali kwa milimita kati ya egemeo la mkono na mahali unaposukuma pistoni. Kadiri namba hiyo inavyopungua, ndivyo mkono unavyoongeza nguvu na kuhitaji mwendo mrefu zaidi. Njia salama ni kuchukua masta silinda iliyokuja na kalipa zake.

Kalipa zenyewe hutofautiana kwa umbali kati ya bolti zake, milimita 100 na 108 zikiwa za kawaida, na hakuna adapta nyembamba inayoweza kuficha milimita nane. Kipenyo cha diski nacho kina neno lake: diski ya milimita 320 mahali pa ile ya 310 inataka kalipa isogezwe nje milimita tano hasa, la sivyo pedi zitakula chini ya ukingo na kuacha mdomo juu. Mtego mbaya zaidi ni mdogo kuliko yote haya. Bolti inayofunga mpira wa breki kwenye vifaa vingi vya Brembo ni ya milimita 10 yenye hatua ya thredi, yaani umbali kati ya thredi moja na inayofuata, ya milimita 1.0, wakati ile ya vifaa vya Kijapani ni ya milimita 10 yenye hatua ya 1.25. Zinafanana kabisa mkononi. Ya Kijapani itaingia mizunguko miwili kwenye kalipa ya Brembo, ishike, na fundi mwenye haraka ataongeza nguvu. Aluminiamu itaachia, na kalipa ya bei kubwa itakuwa imeharibiwa na bolti ya bei ndogo.

Nyuma ya pikipiki huchukua maneno machache zaidi, ila shokapu yake ina hesabu inayowashangaza wengi. Shokapu ya nyuma haikai moja kwa moja juu ya gurudumu, bali husukumwa kupitia swingamu, yaani mkono unaoshika gurudumu la nyuma, na viungo vyake, kwa hiyo gurudumu husafiri mara mbili au zaidi ya shokapu. Ugumu wa springi unaofika kwenye gurudumu ni ugumu wake ukigawanywa kwa kipeo cha pili cha uwiano huo. Springi ya nyutoni 90 kwa milimita, ikitoka kwenye pikipiki yenye uwiano wa 2, inatoa 22.5 kwenye gurudumu; ikihamia kwenye yenye uwiano wa 2.5, inatoa 14.4 tu. Ni springi ileile, imepoteza zaidi ya theluthi ya nguvu yake. Urefu nao huzidishwa: shokapu iliyozidi kwa milimita tano huinua nyuma kwa milimita kumi au zaidi, na kwa kuinua nyuma imegusa tena pembe ya usukani tuliyoihangaikia.

Rimu pana ya nyuma ni tamaa ya macho kwa sehemu kubwa. Tairi la 180/55 limeumbwa kwa rimu ya inchi 5.5, likibanwa kwenye rimu ya inchi 4.5 iliyokusudiwa 160/60, mgongo wake huchongoka na eneo linalogusa barabara kwenye kona halipanuki kama mwenyewe alivyotarajia. Akileta na rimu yenyewe, atapaswa kuhakikisha sproketi mbili ziko kwenye mstari mmoja na kwamba cheni ni ya namba inayolingana nazo. Namba 520, 525 na 530 zote zina umbali uleule wa inchi 5/8 kati ya pini, na kinachotofautiana ni upana wa ndani: inchi 1/4, 5/16 na 3/8. Cheni nyembamba haitaingia kwenye sproketi nene, na cheni pana itaingia kwenye sproketi nyembamba kisha itayumba na kuila.

Kuhamisha injini kuna aina mbili zenye ugumu tofauti kabisa, na mstari unaozitenganisha ni umeme. Zamani za kabureta, swali lilikuwa la mabano na nafasi. Wanamashindano waliweka injini ya Yamaha FZR600, ambayo kiwandani ilikaa kwenye fremu ya chuma, ndani ya fremu nyepesi ya aluminiamu ya FZR400, wakapata pikipiki ambayo Yamaha yenyewe haikuiuza. Suzuki Bandit 1200 ya mwaka 1996 ilikuwa na injini iliyotokana na ile ya GSX-R1100 iliyopozwa kwa oili, iliyolegezwa kwa matumizi ya barabarani, na wamiliki waligundua kwamba kamshafti za GSX-R, yaani mihimili inayofungua vali za injini, zingeirudishia sehemu ya ukali wake. Katika kazi za namna hiyo, injini iliyowashwa kwa cheche na mafuta haikuuliza imo ndani ya fremu ya nani.

Injini ya leo inauliza. Kompyuta yake inataka kusikia sensa ya kuanguka, swichi ya stendi, swichi ya klachi, chipu ya ufunguo na, tangu Yamaha YZF-R6 ya mwaka 2006 ilipoonyesha njia kwa pikipiki za Kijapani, mota inayofungua vali za hewa badala ya kebo. Anayehamisha injini ya aina hii huhamisha pia kompyuta, mtandao wa waya, ufunguo na dashibodi yake kama kitu kimoja, na akivitenganisha ajiandae kusoma michoro ya waya kwa wiki kadhaa. Breki za kuzuia kukwama kwa magurudumu zina sharti lao: kompyuta yake huhesabu meno ya pete iliyo kwenye kila gurudumu na kulinganisha mbele na nyuma. Gurudumu lenye idadi nyingine ya meno, au tairi lenye mzingo tofauti sana, litaifanya iamini kwamba gurudumu moja linateleza wakati halitelezi. Hapo taa ya onyo ikiwaka na mfumo ukijizima ni afadhali kuliko mfumo unaoendelea kufanya kazi kwa hesabu potofu.

Katika uwanja huohuo wa umeme, hata hivyo, ndimo limo badiliko ambalo ningempendekezea mtu yeyote mwenye pikipiki ya zamani. Rektifaya, yaani vifaa vinavyogeuza na kudhibiti umeme unaochaji betri, za pikipiki nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilitumia teknolojia inayozalisha joto jingi, zikaungua na kuua betri. Rektifaya aina ya Shindengen FH020AA, iliyofungwa kiwandani kwenye baadhi ya pikipiki za Yamaha na Kawasaki, inafanya kazi ileile kwa joto dogo zaidi, na inahitaji waya nene, plagi zake sahihi na mahali penye upepo. Baada ya kuifunga, mita ikionyesha kati ya volti 13.5 na 14.5 injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, kazi imekwisha. Haigusi jiometri, haigusi breki. Ni kipuri adimu ambacho kuingia na kukubaliana kwake ni jambo moja.

Kava za plastiki zinaweza kukatwa na kuungwa mtu apendavyo, mradi hewa ifike kwenye radieta na usukani usigonge. Kinachohitaji ukali ni mahali chuma kinapobeba uzito. Spesa ya ekseli na adapta ya kalipa hukerezwa kwa metali yenye nguvu inayojulikana, si kwa kipande chochote kilichookotwa, na bolti za breki ziwe na alama ya daraja la nguvu, 8.8 au 10.9, juu yake kama zile zilizotoka. Kuchomelea fremu ya aluminiamu bila kujua aina yake na jinsi ilivyotibiwa kwa joto ni kazi ambayo hata fundi mzuri ana haki ya kuikataa.

Pikipiki ikikamilika, safari ya kwanza ni ya mwendo mdogo mahali patupu, kisha kila bolti iliyoguswa inapimwa tena kwa spana ya kipimo, na vipimo vilivyochukuliwa mwanzoni vinarudiwa ili mabadiliko yajulikane kwa tarakimu. Halafu kuna daftari. Kuanzia siku hiyo pikipiki hii haipo katika kitabu chochote cha vipuri: pedi zake za mbele ni za modeli moja na mwaka wake, sili za shokapu ni za nyingine, beringi ya chini ya shingo ni ya tatu, na namba ya fremu, ambayo ndiyo pekee atakayoulizwa mwenyewe dukani, haitaongoza kwenye hata kimoja kati ya hivyo. Vyote vinaandikwa pamoja na namba zao, kipimo cha kila spesa na kiasi cha kukaza kila bolti, na nakala ya ukurasa huo inafungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuwekwa chini ya kiti.